Chanjo Nilizoyeyusha Kwapani

Kipupwe kile nilikuwa nayeyusha chanjo kwapani. Nalisema mapema ili asiyetaka kunisoma aachie hapa hapa. Nilikuwa nafika zahanati asubuhi, mwanangu mgongoni, ukungu bado umelalia mabua ya mahindi, nafungua jokofu la mafuta ya taa na kukuta vile vichupa vya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda vimeshika barafu ndani. Basi nachukua viwili vitatu, naviweka kwapani chini ya sweta langu la mtumba, nafagia, napanga mabenchi, naning'iniza mizani kwenye boriti. Vikishakuwa maji naviweka kwenye sinia. Kisha nachoma watoto wa watu. Na wa kwangu nilimchoma hivyo hivyo, dozi zote tatu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakuna aliyeniambia kwamba ni kosa. Aliyenifundisha ndivyo alivyokuwa akifanya, tena yeye alikuwa fundi kuliko mimi. Alivifikicha viganjani huku akipiga soga na kina mama, utadhani anapukuchua karanga.

Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wangu. Mama wa makamo, darasa la nane la zamani, aliyeanza kazi kwa kufagia wodi akapanda polepole mpaka akashika kliniki ya mama na mtoto katika zahanati yetu pembeni mwa mji. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Mganga alikuwa chumba cha pili na wagonjwa wake, mambo ya watoto hakuyagusa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya uhudumu, nikapata na mimba, kwa mpangilio huo huo. Baba mtoto alikwenda Makambako kufuata mitumba na hadi leo nadhani bado anachagua marobota. Tuyaache hayo.

Mkuu wangu alinifundisha kushika paja la mtoto. Alinifundisha kumsemesha mama ili asiangalie sindano. Nikiamka leo nikiwa na akili timamu nitakiri kwamba mkono wangu ni mkono wake. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kutulia.

Sasa, semina. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalichipuka mtaani kwetu Bombambili kama uyoga, wagonjwa wakaanza kuchangia huduma, na serikali ikawa inapunguza wafanyakazi. Wakati huo huo, wafadhili walileta semina. Kila barua ya semina ilipofika, mkuu wangu ndiye aliyekwenda. Semina ya lishe, yeye. Semina ya uzazi wa mpango, yeye. Semina ya majokofu, yeye. Alirudi na mkoba mpya, kalamu, mara nyingine na kofia. Utaratibu ulikuwa kwamba anayetoka semina awakalishe wenzake na kuwapa mrejesho. Mimi nilikaa, nikiwa na daftari langu.

"Wamesema nini, mama?"

"Yale yale, mwanangu. Usafi. Joto ni adui wa chanjo."

Mrejesho umekwisha. Mkoba unaingia kabatini, kabati linafungwa, ufunguo unakwenda kwenye fundo la kanga yake.

Joto ni adui wa chanjo. Wimbo huo tuliuimba kwelikweli. Jioni kabla ya kwenda nyumbani mkuu wangu aliongeza moto wa jokofu ili usizimike, na jokofu la mafuta ya taa moto ukizidi, baridi nayo huzidi. Vichupa alivipanga viegemee ukuta wa barafu kabisa, kama mama anavyomlaza kichanga kifuani. Mlangoni ilining'inia chati ya joto, inajazwa asubuhi na jioni. Nilipoanza kazi nilimuuliza niandike nini. Akanijibu, "Nne. Wakaguzi wanapenda nne." Kipimajoto chenyewe kilikuwa nyuma ya chupa za maji, unapaswa kuinama na kupapasa ili ukisome. Nikaandika nne. Asubuhi nne, jioni nne. Kipupwe nne, masika nne. Ule ni mwandiko wangu, si wa mtu mwingine.

Barua ya mwaka huo ilikuja wakati mkuu wangu yuko Mbinga, kwenye msiba wa kaka yake. Mganga aliisoma akiwa amesimama, akanitupia. "Nenda wewe. Kesho kutwa, mjini. Wanataka uende na kichupa kimoja cha chanjo kutoka kwenye jokofu lenu."

Nilikwenda na kichupa, na mwanangu. Ningemwacha na nani? Alikuwa na miezi saba na wiki hiyo alikuwa anakohoa. Mlangoni mwa ukumbi kijana mmoja aliyekuwa akiandikisha majina alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye kandambili.

"Dada, hapa si kliniki. Kliniki ni kule juu hospitali."

"Mimi ndiye kliniki," nikamwambia. "Andika jina."

Asubuhi nzima daktari kutoka Dar es Salaam alizungumza. Mwanangu alikohoa, watu wakageuka, nikampa ziwa, wakageuka tena. Kila alipokohoa mimi nilihesabu kimoyomoyo, nikisikilizia kama mwisho wake ataivuta pumzi kwa mlio. Kifaduro kina mlio wake. Nilijifariji: huyu amechanjwa mara tatu, nimemchoma mwenyewe.

Baada ya chakula, saa ile ambayo macho yanafumba yenyewe, alisimama mwanamume mfupi mwenye masizi kwenye kucha.

"Mimi si daktari," akasema. "Mimi fundi wa majokofu. Kwa hiyo kuanzia sasa hakuna Kiingereza."

Watu wakacheka, wakaamka. Akavikusanya vichupa vyetu, kila kimoja akakibandika karatasi yenye namba ya mwenyewe. Akatoa na cha kwake, akasema hiki amekigandisha makusudi, kikaganda kama jiwe, halafu akakiacha kiyeyuke. Akavitikisa vyote kimoja kimoja, vyote vikawa vyeupe kama maji ya mchele. Akavipanga juu ya karatasi mezani. "Kanyweni chai. Mtu asiguse meza."

Chai ile sikuinywa. Sijui kwa nini. Sikuwa nimejua lolote bado. Nilizunguka ua wa ukumbi nikimbembeleza mtoto, naenda mpaka getini, narudi, naenda. Miguu ilitangulia kujua.

Tuliporudi, vichupa vingi vilikuwa bado vyeupe. Kile alichokigandisha fundi kilikuwa kimejigawa: juu maji maangavu, chini mashapo mazito kama chicha za nazi. Na pembeni yake kulikuwa na vingine vichache vilivyofanana nacho pacha kwa pacha. Kimojawapo kilikuwa namba yangu.

"Hiki cha nani?"

"Changu."

"Jokofu lako huwa nyuzi ngapi, dada?"

"Nne."

"Lini?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

Alinitazama, akawageukia wengine. "Jokofu la mafuta ya taa, nyuzi nne asubuhi na jioni, mwaka mzima! Jamani, hilo naomba mniuzie. Hata mke wangu hana hasira ya kipimo kimoja kila siku."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwuguzi mmoja mzee wa Tunduru akadakia, "Mwache, baridi ya Songea hii hata chanjo zinataka sweta." Na mimi nilikuwa nimelivaa hilo sweta. Lile lile.

Fundi hakucheka sana. Akaeleza. Matone ya polio na chanjo ya surua huvumilia kuganda. Hii ya dondakoo, kifaduro na pepopunda haivumilii. Ikiganda mara moja imekufa, hata ukiiyeyusha inaonekana nzima, unamchoma mtoto, analia, anapata homa kidogo, kadi inaandikwa, na kinga hana. Wakati wa baridi punguza moto. Usiegemeze kichupa kwenye barafu. Ukiwa na shaka, tikisa, weka, subiri nusu saa, angalia. Basi. Ni jambo la nusu saa.

Nikanyoosha mkono. "Na watoto waliokwisha kuchomwa?"

"Warudie. Kurudia hakumdhuru mtoto. Kutorudia ndiko kunamdhuru."

Kisha akagawa makaratasi. "Haya si mapya," akasema. "Tuliyagawa mwaka juzi kwa Kiingereza. Safari hii tumeyatafsiri."

Mwaka juzi. Semina ya majokofu, mwaka juzi. Mwaka ule nilimwona mkuu wangu akirudi na mkoba wa kijani. Nilirudi Bombambili kwa miguu, mtoto anakohoa mgongoni, na kila hatua nilikuwa nasema neno moja ambalo sitaliandika hapa.

Aliporudi kutoka msibani nilimpa pole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Nilimwacha akae, anywe maji. Halafu nikamwomba ufunguo wa kabati.

"Wa nini?"

"Nataka kuuona mkoba wa kijani."

Nadhani alijua. Alifungua fundo la kanga taratibu mno. Mkoba ulikuwa nyuma ya mingine, umekunjwa vizuri. Ndani, makaratasi yale, hayajapata hata mkunjo mmoja, na picha ya vichupa viwili, kimoja cheupe, kimoja kimejigawa. Kiingereza chake kilikuwa chepesi. Mtoto wa kidato cha pili angekisoma. Nilimsomea kwa sauti, nikatafsiri mstari kwa mstari, nikamsimamia kama mwalimu mwenye fimbo. Sikuona aibu.

"Ungenionyesha," nikasema. "Ungesema tu, hebu nisomee hii. Dakika tano!"

"Nikuonyeshe wewe?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wewe niliyekufundisha kushika sindano? Niseme mbele yako kwamba siku tano nimekaa pale natingisha kichwa, wanasema, na mimi sijui wanasema nini? Unajua serikali inatafuta nini sasa hivi? Wanatafuta wasio na vyeti. Orodha inaandikwa. Aliyehudhuria semina jina lake lipo. Asiyehudhuria, kwaheri."

"Na watoto?"

"Usinipigie kelele. Nimezika juzi."

"Na watoto, mama?"

Akauchukua mkoba, akaukunja tena kama ulivyokuwa. "Wape kimya kimya," akasema mwisho. "Kila anayekuja, mwambie kuna dozi ya nyongeza. Ukisimama mbele ya kina mama ukasema tuliwachoma maji, hawatarudi. Watakwenda kwa maduka ya dawa kule, watachomwa na wauza chumvi. Na mimi nitakuwa nimekwisha. Na wewe pia. Nani aliyechoma? Chati ya nani ile?"

Hapo alinipata. Siku mbili nilitembea tu. Nyumbani hadi zahanati, zahanati hadi sokoni bila haja ya sokoni, nikikutana na mwanamke ana mtoto mgongoni natazama pembeni. Nilikuwa nawajua kwa mapaja yao, watoto wale. Huyu ana alama ya kuzaliwa, yule alinipiga teke. Moto wa jokofu nilikuwa nimeupunguza, vichupa vilivyoganda nimevitenga, vipya nimevifuata wilayani. Kazi ya mikono ilikuwa imekwisha, imebaki ya mdomo. Na wazo la mkuu wangu halikuwa la kijinga, hilo ndilo lililonikera zaidi. Dozi ya nyongeza. Tamu, laini. Lakini anayekuja ni yule ambaye bado ana tarehe kwenye kadi. Aliyemaliza dozi tatu atarudi kutafuta nini? Huyo ndiye aliyeganda mara tatu. Huyo ndiye mwanangu.

Siku ya kliniki mabenchi yalijaa. Nilivuta pumzi, nikapanda kwenye kiti kwa sababu mimi ni mfupi.

"Kina mama, nisikilizeni. Sindano za paja tulizotoa tangu baridi ianze, chanjo yake iliganda. Imekufa. Watoto hawana kinga ya kifaduro wala pepopunda. Tumekosea. Tunarudia kuanzia leo, na wale waliomaliza nao warudi. Ninaanza na wangu."

Mtoto mmoja akapiga chafya. Halafu bomu.

"Yaani mtoto wangu alilala na homa kwa maji ya bomba?"

"Si ya bomba, ya barafu! Hukusikia? Wametuuzia lambalamba!"

"Na wewe nesi mwenyewe unasema bila haya!"

Mwanamke mmoja alisimama, mke wa mfanyabiashara wa korosho kutoka Nalasi, huko Tunduru, aliyekuwa amekuja kujifungulia kwa dada yake hapa mjini. Ushungi mwekundu, mtoto wa kiume mnene kama mkate. Nilimkumbuka sana: siku ya dozi ya tatu alinishukuru kwa mikono miwili.

"Wallahi," akasema, wala hakupaza sauti, "mara ya kwanza mlinihakikishia. Mara ya pili mlinihakikishia. Leo mnanihakikishia tena. Mimi nijue ipi ndiyo ya kweli, dada?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeviandaa vichupa viwili juu ya karatasi nyeupe dirishani, kama alivyofanya fundi. Nikawaita wasogee waone wenyewe, hiki cha zamani, hiki cha leo. Wengine walisogea. Yeye alitazama kwa mbali, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga. "Tunasafiri kesho kutwa. Mungu ndiye mchanjaji," akasema, akatoka.

Nilitaka kumkimbilia, lakini nilikuwa na mwanangu mkononi na sindano imeshavutwa. Hapo mkuu wangu akatoka chumbani. Nilidhani atanikana. Alikuja akaketi, akampokea mwanangu, akalishika lile paja kwa vidole viwili na kiganja, vile vile alivyonifundisha. Nikachoma. Mtoto akalia. Mkuu wangu akainua uso akawaambia kina mama, kwa sauti yake ya kila siku:

"Pangeni mstari. Kadi mkononi. Anayetaka kugombana atagombana akiwa kwenye mstari."

Na wakapanga! Si wote, benchi moja zima liliondoka likinung'unika. Lakini wakapanga. Hakusema "tumekosea." Hakusema "mimi ndiye." Mpaka leo hajasema, na mpaka leo nikikumbuka nataka kumtikisa kama kile kichupa. Lakini alilishika paja.

Wiki zilizofuata tuliwafuata walioondoka, mimi kwa miguu na kisanduku cha chanjo begani, yeye kwa baiskeli ya mganga, mpaka Ruhuwiko kwenye nyumba za watumishi, mpaka mashambani. Walitutukana, wakatukaribisha, wakatuchinjia hata kuku nyumba moja. Kikohozi cha mwanangu kilikuwa mafua tu. Kwenye chati, siku ile ya kwanza, niliinama nikapapasa nyuma ya chupa za maji, nikakisoma kipimajoto, nikaandika saba. Kesho yake tano. Mkaguzi alipokuja akauliza mbona jokofu letu siku hizi halitulii. Nikamwambia sasa ndiyo linasema kweli.

Mkuu wangu walimpunguza hata hivyo, na wala si kwa ajili ya hayo. Cheti tu. Semina zote zile hazikumsaidia hata kidogo. Siku ya kuondoka aliniletea mikoba yote, ameifunga kwa kamba ya katani. "Wewe unajua kusoma," akasema, akaenda zake. Nimeisoma yote. Kuna mambo mle ambayo yangeokoa watu, yamelala kabatini safi kabisa, na siku nikisoma moja la namna hiyo silali vizuri. Ninayatafsiri kwenye daftari, na kila mhudumu mpya anayeletwa kwangu namkalisha, namsomea, nikimwona anatingisha kichwa tu namwambia: acha kutingisha, niambie nimesema nini.

Lakini yule wa ushungi mwekundu nilichelewa. Nilikwenda kwa dada yake siku iliyofuata, nikaambiwa wamewahi basi, hawakungoja hata hiyo kesho kutwa. Nikaandika barua kwa zahanati ya kwao: mtoto huyu arudiwe chanjo zote tatu, kosa ni letu, si la mama. Nikampa kondakta wa basi la Tunduru, nikamwapisha. Nikaandika ya pili; hakuna iliyojibiwa. Dada mtu naye akahama.

Mwanangu ana miaka mitano sasa, anakimbia, ana kelele. Yule wa kiume naye anatakiwa awe na mitano, anakimbia kwenye mikorosho, anakanyaga misumari na miiba kama watoto wote. Kila basi la Tunduru linapoingia stendi, nikiwa napita, nasimama. Natazama wanaoshuka mpaka wa mwisho.